Jozi Nane za Mahindi Meusi

Herculana Ccahuana alikuwa mkali, na hata waliompenda walilikubali hilo. Pale Wayllapata, kijiji cha nyumba thelathini na kitu zilizojibana kwenye mteremko juu ya mto, mwanamke aliyekosea kuchemsha mahindi na majivu, ganda likabaki limeng'ang'ania punje, alichoomba ni kimoja tu: Herculana asipite karibu na sufuria. Maana akipita ataonja, na akionja atasema, na akishasema kijiji kitacheka wiki nzima.

Tusimwonee, mahindi aliyajua. Meupe yenye punje pana kama ukucha wa kidole gumba aliyamenya kwa majivu yakatoka laini, yakaliwa na jibini na pilipili. Ya manjano aliyalowesha, akayaotesha chini ya majani mabichi, akayaanika na kuyasaga kwa pombe ambayo watu wa ng'ambo ya mto walishuka mteremko mmoja na kupanda wa pili ili waionje. Yale madogo yaliyokunjamana, matamu, aliyakaanga kwenye chungu kikavu huku akiyageuza kwa kijiti, na punje haikuungua hata moja. Halafu kulikuwa na meusi. Hayo yalikuwa meusi kuanzia punje mpaka gunzi, na aliyapikia uji mwepesi wenye mdalasini, karafuu na sukari guru, uji wa zambarau iliyokolea unaopaka midomo ya watoto rangi mpaka jioni.

Mbegu ya yale meusi aliachiwa na mama yake. Wenzake wengi walikwisha kuyatupa, kwa kuwa yanazaa kidogo na yanachelewa kukomaa, tena sokoni mjini yapo meusi ya pwani, makubwa na ya bei rahisi. Herculana hakuyatupa. Alikuwa mtoto wa pekee, shamba la mama yake lilikwenda kwa wajomba, na kitu alichobaki nacho kutoka kwa yule mama kilikuwa mbegu hiyo na ukali.

Mwaka huo ninaousimulia, mvua ya mawe ilipiga mwezi wa pili, saa sita mchana. Haikuchukua muda mrefu kuliko kuchemsha viazi. Ilipokwisha, Herculana alitoka na kukuta shamba la meusi limelala chini lote, kama limekanyagwa na ng'ombe. Mwezi wa tano alipookota kilichosalia, alipata mahindi kumi na sita tu ya kufaa mbegu. Akayavua maganda nusu, akayasuka mawili mawili kwa maganda yake, akayatundika kwenye boriti ya jikoni palipo na moshi wa kutosha, na katikati yake akachomeka majani ya mnanaa wa mlimani ili wadudu wasisogee. Zilikuwa jozi nane. Kijiji kizima hakikuwa na mbegu nyingine ya meusi zaidi ya hiyo.

Mwezi huohuo mumewe, Meliton, alirudi kutoka mgodini, na safari hii alirudi moja kwa moja. Miaka kumi na tisa alikuwa akija nyumbani kupanda na kusherehekea, kisha anakwenda zake tena kuchimba. Sasa mapafu yalijaa vumbi. Daktari wa mgodi alimpa karatasi na chupa ya dawa ya kikohozi, akamwambia apumzike. Alipanda ile njia ya kutoka barabarani, mwendo wa saa moja, kwa muda wa asubuhi yote, na Herculana alipomwona akitokea kwenye kona alidhani ni baba mkwe wake amefufuka.

Chumba pekee chenye joto kilikuwa jikoni, kwa hiyo kitanda kiliwekwa jikoni. Meliton akawa analala chali, na alipofungua macho, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa zile jozi nane.

"Herku," alimwita siku moja ya mwezi wa saba. "Nipikie ule uji."

"Uji gani?"

"Unaujua. Ule wa mama yako."

"Na mahindi yake utayatoa wapi?"

Meliton akanyanyua kidevu kuelekea juu.

"Hiyo ni mbegu," Herculana akasema.

"Najua ni mbegu. Kwani mimi kipofu?"

"Basi kama macho unayo, yatumie, ufunge mdomo."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda. Kilipotulia alijifuta mdomo, akasema, "Kule chini, tukingoja baruti, kila mtu alikuwa anasema atakula nini akitoka. Wenzangu walitaja nyama. Mimi uji. Walinicheka sana, mama. Mwanamume mzima, uji!"

"Subiri siku ya kupanda," Herculana akamwambia, kwa sauti ya chini kidogo. "Nikipukuchua tu, magunzi yote yako. Utakunywa mpaka ulewe."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Uji ule hauhitaji punje. Rangi na utamu vimo ndani ya gunzi, na cha kuutia uzito unaweza kutumia unga wa mahindi yoyote. Herculana angeweza kushusha jozi mbili siku ileile, akazipukuchua, punje akazifunga kwenye kitambaa, magunzi akayachemsha, na asingepoteza mbegu hata moja. Lakini Wayllapata mbegu haipukuchuliwi kabla ya asubuhi ya kupanda. Mama wa mahindi anakaa kwenye gunzi, ndivyo walivyolelewa wote, na ukimtoa nyumbani kwake kabla ya wakati, anaondoka, na punje unazobaki nazo ni chakula cha kuku. Tena mbegu ni ya mkono wa mwanamke. Mwanamume haigusi, hata akiwa na njaa, hata akiwa ndiye aliyelima.

Wala hilo halikuwa jambo la kufanywa kwa siri. Siku ya kupanda wanawake wote hukaa ukingoni mwa shamba, kila mmoja na jozi zake zikiwa nzima, wakapukuchua pamoja huku wakitazamana mikononi. Atakayekuja na punje kwenye kitambaa ataonekana na wote.

Sinforosa alikuja hivyo, miaka mitatu kabla. Huyu Sinforosa ni jirani, mashamba yao yanagawana ukuta wa mawe, na mbegu yake ya meusi alipewa na Herculana mwenyewe walipokuwa bado mashoga. Binti yake wa miaka tisa, Yeny, alishikwa na homa wiki sita kabla ya kupanda, akawa anaulilia uji ule. Sinforosa akapukuchua. Yeny akafa. Na mwaka uleule baridi ya usiku ikaunguza meusi ya Sinforosa yote, akabaki hana mbegu. Kijiji kikakaa kimya kwa heshima ya msiba, isipokuwa mtu mmoja. Siku ya kusafisha mfereji, watu wote wakiwa ndani ya tope, Herculana alisema kwa sauti ya kusikika na aliye mwisho wa mstari:

"Mama wa mahindi umemfukuza, na mtoto hukumpata."

Sinforosa aliendelea kuzoa tope. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na Herculana alijiambia kwamba amesema kweli, na kweli haiombewi radhi.

Sasa mumewe alikuwa amelala chali jikoni.

Herculana alijaribu njia nyingine. Alishuka mjini akanunua kilo mbili za mahindi meusi ya pwani, akayapika vizuri, akatia mdalasini wa kutosha kumdanganya askofu. Meliton akapokea bakuli kwa mikono miwili, akaonja, akalirudisha.

"Haya ni maji ya rangi," alisema.

"Mgonjwa na bado unachagua!"

"Sichagui. Nilikuomba uji, umeniletea wino."

"Basi kaa na kiu yako!" Akaumwaga wote nje kwenye mawe, mbwa akanusa akaenda zake, na hilo nalo likamuudhi.

Mgawa maji, mzee Ubaldo, ndiye aliyetangaza siku ya kupanda, na mwaka huo alitangaza mwisho wa mwezi wa nane. Herculana alikwenda nyumbani akamwambia mumewe siku zimebaki kumi na mbili. Meliton akazihesabu kwa vidole. Zilipobaki tatu, Ubaldo alikwenda kuangalia chemchemi akarudi akitikisa kichwa: maji hayafiki hata mfereji wa kwanza, ardhi ngumu, tungoje. Wakangoja wiki mbili. Zikaisha, mvua haikuja, akasogeza tena.

"Ubaldo ana nini na mimi?" Meliton aliuliza. "Niliwahi kumwibia kondoo?"

"Wewe nyamaza, upumue."

"Napumua. Ndiyo kazi niliyobaki nayo."

Siku moja Herculana alirudi kutoka kuchota maji, akamkuta Meliton amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja umeshika ukuta, wa pili umeinuliwa mpaka karibu na jozi ya mwisho. Alikuwa amekonda, suruali inashikiliwa na kamba. Alikuwa hajagusa. Vidole vilikuwa umbali wa shubiri moja, na ilionekana amekaa hivyo kwa muda.

"Meliton!"

"Nilikuwa naangalia tu."

"Unaangalia kwa mkono?"

"Sikugusa, Herku. Sijagusa, naapa. Njoo unuse vidole."

Alimshusha. Alikuwa mwepesi mno, na wepesi ule ulimtia hofu, na hofu ikamtoka kwa njia aliyoizoea. Alimgombeza kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Alimwambia hana aibu, alimwambia anataka kumharibia mbegu ya mama yake, alimwambia aseme basi anataka watu wamwone yeye mkewe vipi. Meliton akageukia ukutani, na kuanzia siku hiyo hakuulizia uji tena.

Herculana aliketi mbele ya meko akamenya viazi ambavyo hakuna mtu angevila. Aliwaza kupukuchua. Alisema ndani ya moyo wake kwamba anamwogopa mama wa mahindi, kisha akajiuliza kama kweli. Hakumwogopa hivyo. Aliogopa kuketi ukingoni mwa shamba na kitambaa chake cha punje, Sinforosa akiwa upande wa pili wa ukuta anatazama, na asiseme kitu. Hilo ndilo lililomshinda. Mtu anaweza kulijua jambo hili lote, akaliona wazi kama viazi mkononi, na bado asinyanyuke kwenye kigoda. Yeye hakunyanyuka.

Mvua ilinyesha tarehe tisa mwezi wa kumi, siku mbili mfululizo. Ubaldo akapita nyumba kwa nyumba akipiga kelele, "Keshokutwa! Keshokutwa, akina mama, hakuna kusogeza!"

"Umesikia?" Herculana alimwambia mumewe. "Keshokutwa."

Meliton alifungua macho. Kwa siku nne alikuwa hali kitu, maji alipewa kwa kitambaa kilicholowa. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia.

Siku yenyewe Herculana alitoka na jozi zake nane mgongoni ndani ya shuka. Ng'ombe walishafungwa plau, masikio yao yamepambwa nyuzi nyekundu, wanaume wanakunywa pombe ya kwanza na kuimwagia ardhi tone. Wanawake walikaa. Herculana akakata uzi wa jozi ya kwanza akaanza kupukuchua kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo, punje zinaruka nje ya kikapu, na bibi mmoja akamwambia, "Taratibu, mama, unamtisha!" Alipomaliza jozi zote aliyakusanya magunzi yake kumi na sita kwenye shuka, akaacha kikapu cha punje palepale kwenye nyasi, akakimbia. Hajawahi mtu kuiacha mbegu yake ikiwa wazi namna hiyo.

Aliyapika magunzi yote. Rangi ilitoka mara moja, kama ilikuwa inangoja. Alitia sukari guru, akatia mdalasini, akakoroga unga, akapuliza bakuli mpaka kifua kikamuuma kwa sababu hakutaka kumuunguza.

"Mzee. Meliton. Uji huu hapa. Wa mama."

Alifungua macho. Herculana alimwinua akamwegemeza kwenye bega lake, akaleta kijiko. Mdomo ulifunguka. Uji ukaingia, ukakaa pale, koo halikufanya kitu, halafu ukarudi polepole ukashuka kwenye kidevu na shingo, ukaingia kwenye kola ya shati. Alijaribu tena, nusu kijiko. Alijaribu kwa kidole. Meliton alikuwa anamtazama wakati wote, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusaidia na hajui afanyeje.

"Meza," Herculana alisema. "Meza, baba, meza kidogo tu. Nimeshapukuchua. Meza."

Alifariki kabla ng'ombe hawajamaliza shamba la pili. Midomo yake ilikuwa ya zambarau, na wanawake waliokuja kumwosha waliisugua kwa kitambaa cha maji ya moto, na rangi haikutoka yote.

Jua lilipoanza kuinama ndipo Herculana alipokumbuka kikapu. Mbegu ikishapukuchuliwa hailali nje ya udongo, na yeye aliiacha kwenye nyasi. Alitoka kama alivyokuwa, mikono ina rangi. Shamba lake lilikuwa limeshafunikwa, mistari imenyooka, na kikapu kimewekwa juu ya ukuta wa mawe, kitupu. Sinforosa alikuwa upande wake wa ukuta anakung'uta udongo kwenye sketi.

"Umenipandia wewe?" Herculana aliuliza.

"Mbegu haina kosa," Sinforosa akasema, akachukua jembe lake akaondoka.

Yale meusi yalimea. Yalimea vizuri kuliko mwaka wowote, na mvua ya mawe haikuja, na baridi ilipita juu ikaenda kuwaunguza wengine. Watu walisimama ukutani kuyatazama. Wazee wa kike walimshika Herculana mkono kanisani, wakamwambia, unaona sasa, uliheshimu mbegu, na mbegu imekuheshimu, mwanamke mwingine angeshindwa. Walisema kwa nia njema. Alikaa na sifa hizo kooni msimu mzima. Alitamani mtu mmoja tu amtukane, na Wayllapata nzima haikuwa naye, maana kila mmoja wao angefanya alivyofanya yeye, na wakampenda kwa hilo.

Mwezi wa tano alivuna. Alichagua jozi kumi na mbili, zile ndefu zisizo na pengo, akazifunga kwenye shuka yake mpya, akazunguka ukuta badala ya kupita juu yake, akaingia kwa mlango wa uani kama mgeni. Sinforosa alikuwa amekaa chini anamenya viazi.

"Nimekuletea mbegu," Herculana alisema.

"Nimeiona."

"Siyo kwa sababu ulinipandia. Au ni hiyo pia." Alikuwa amejiandaa njia nzima na sasa maneno yalikuwa yamemkimbia. "Siku ile ya mfereji. Nilikuambia neno."

"Uliniambia."

"Sikutakiwa kusema."

Sinforosa alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia kwenye maji. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliinua uso.

"Alikunywa?" aliuliza.

Herculana angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyekuwepo jikoni siku ile isipokuwa yeye na marehemu.

"Hakumeza," alisema. "Ilikuwa imeshachelewa. Midomo ililowa tu."

Sinforosa akatikisa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu miaka ile alimtazama bila chuki, kwa jicho la mtu anayemwonea mwenzake huruma ya kweli, na Herculana angependa zaidi kupigwa kofi.

"Yeny alikunywa mabakuli mawili," Sinforosa alisema. "Akaomba la tatu, nikampa. Alikunywa akacheka, kwa sababu nilimwonyesha ulimi wake kwenye kioo."

Kisha akanyanyuka, akachukua mzigo wa mbegu kwa mikono miwili inavyotakiwa, akauingiza ndani. Alirudi akakaa, akaokota kisu. Herculana alibaki amesimama pale uani, analia bila kujifunika uso, na Sinforosa akaendelea kumenya viazi.